Fungu la Asparaga la Édouard Manet

Mwaka 1880 Charles Ephrussi, mkusanyaji wa sanaa kutoka ukoo wa wenye mabenki wa Odessa, alinunua kwa Édouard Manet jijini Paris picha ndogo ya rangi za mafuta: fungu la asparaga juu ya majani mabichi. Walipatana faranga 800, lakini Ephrussi akatuma 1,000. Manet hakurudisha chenji. Alichora picha nyingine ndogo zaidi, sentimita 16.5 kwa 21.5, yenye asparaga moja tu ukingoni mwa meza ya marumaru, akampelekea pamoja na kikaratasi cha kumweleza kwamba fungu lake lilikuwa limepungua moja. Muuza mchicha anayejua kutoa nyongeza angemwelewa mara moja.

Kisa hicho kimesimuliwa mno, hata wengi huiona picha ya pili kuwa mzaha tu. Waitazame tena. Meza na asparaga vina karibu rangi zilezile: nyeupe, kijivu, zambarau iliyopauka. Kinachovitenganisha ni mwendo wa brashi peke yake, na hapo hakuna pa kujificha.

Matunda, mboga na vyungu vilikuwa vimedharauliwa kwa muda mrefu. Miaka ya 1660 André Félibien, akiandikia Akademia ya Kifalme ya Ufaransa, alipanga aina za picha kwa ngazi: juu kabisa visa vya historia na dini, chini kabisa vitu visivyo na uhai. Sokoni mambo yalikwenda vingine. Katika Uholanzi ya karne hiyohiyo watu wa mjini walizipenda picha za namna hii, na wachoraji waliishi kwazo.

Mmoja wao alikuwa Adriaen Coorte, ambaye kazi zake zenye tarehe ni za kati ya 1683 na 1707. Kumbukumbu za chama cha wachoraji cha Middelburg zinaonyesha kwamba katika miaka ya 1690 alitozwa faini kwa kuuza picha bila kuwa mwanachama. Mara nyingi alipaka rangi juu ya karatasi, kisha karatasi ikagandishwa kwenye ubao. Stroberi za mwituni katika picha yake ya 1705, iliyoko Mauritshuis mjini The Hague, zimetoshea eneo la sentimita 16.5 kwa 14: ukingo wa jiwe, giza nyuma, basi. Fungu la asparaga alilichora pia, mwaka 1697, karibu karne mbili kabla ya Manet. Baadaye alisahaulika, mpaka miaka ya 1950 mtaalamu Laurens Bol alipomfufua kwa makala na maonyesho mjini Dordrecht.

Kwa Manet udogo ulikuwa na sababu ya mwilini. Ugonjwa ulikuwa umeushika mguu wake, na kusimama mbele ya turubai kubwa kukawa mateso. Mwaka 1880 alikwenda Bellevue, nje ya Paris, kutibiwa kwa maji. Ndimu aliyoichora mwaka huo ina upana wa sentimita 22 tu. Baadaye yakaja maua ndani ya glasi, turubai ambazo mtu aliyeketi anaziweza. Si kwamba aliacha makubwa kabisa. Mwaka 1882 alionyesha picha ya baa ya Folies-Bergère, na hata humo chupa na machungwa ya kaunta yanapigania macho ya mtazamaji. Alifariki tarehe 30 Aprili 1883, siku chache baada ya kukatwa mguu.

Asparaga moja sasa iko Musée d'Orsay. Fungu lilikwenda Berlin kwa mchoraji Myahudi Max Liebermann, likarithiwa na familia yake, na mwaka 1968 likafika jumba la makumbusho la Wallraf-Richartz mjini Köln kwa marki 1,360,000. Mwaka 1974 msanii Hans Haacke alitaka kuonyesha humo mabango yanayowataja wamiliki wote wa picha hiyo, mmoja baada ya mwingine, hadi Hermann Josef Abs, mwenyekiti wa marafiki wa jumba hilo aliyeongoza ununuzi. Bango la Abs lilieleza pia kazi aliyoifanya katika benki enzi za Wanazi. Jumba lilikataa. Haacke akayatundika mabango katika nyumba nyingine ya sanaa mjini humo, na msanii Daniel Buren alipobandika nakala za mabango hayo juu ya kazi yake mwenyewe ndani ya jumba, wakubwa wakaamuru zifunikwe kwa karatasi nyeupe.