Manafort: Fundi wa kampeni aliyenaswa na hesabu zake

Agosti 21, 2018, jopo la wazee wa baraza katika mahakama ya shirikisho mjini Alexandria, jimbo la Virginia, lilimtia hatiani Paul Manafort kwa makosa 8 kati ya 18 aliyoshtakiwa. Miaka miwili tu kabla ya hapo alikuwa mwenyekiti wa kampeni ya Donald Trump, mtu aliyekwenda kuiteka Ikulu ya Marekani. Lakini hakuna hata kosa moja kati ya hayo lililohusu kura, wagombea wala majukwaa. Matano yalikuwa ya kodi, mawili ya kuzilaghai benki, na moja la kuficha akaunti za ng'ambo.

Kwa miongo minne Manafort aliwauzia marais na madikteta ujuzi wa kushinda uchaguzi na wa kusafisha jina. Biashara hiyo ilimpa utajiri na umaarufu, na kwa sehemu kubwa sheria haikuigusa. Ilipomfikia, ilipitia mlango wa hesabu.

Mtoto wa meya

Manafort alizaliwa Aprili 1, 1949, katika mji wa viwanda wa New Britain, Connecticut, kwenye ukoo wenye asili ya Italia uliomiliki kampuni ya ubomoaji na ujenzi. Baba yake, aliyeitwa pia Paul, alikuwa meya wa mji huo kuanzia 1965 hadi 1971 kwa tiketi ya Republican. Siasa aliikuta nyumbani. Shahada ya sheria aliipata Chuo Kikuu cha Georgetown mwaka 1974.

Jina lake lilianza kutajwa mwaka 1976, Rais Gerald Ford alipokuwa akiparurana na Ronald Reagan kuwania uteuzi wa chama. Chini ya James Baker, kijana huyo alikuwa miongoni mwa waliopewa kazi ya kuwawinda wajumbe: nani ameshika msimamo, nani anayumba, na anayeyumba anataka nini ili atulie. Kwenye mkutano mkuu wa Kansas City, Ford alipata kura 1,187 na Reagan 1,070. Novemba, Ford alishindwa na Jimmy Carter, ila Manafort alikuwa keshajulikana kama mtu anayejua kuhesabu vichwa ukumbini. Mwaka 1980 alikuwa upande wa Reagan, akiratibu kampeni za majimbo ya Kusini.

Kampeni leo, ushawishi kesho

Mwaka huohuo yeye, Charlie Black na Roger Stone walianzisha kampuni yao. Baadaye aliingia Peter Kelly, mchangishaji fedha wa chama cha Democratic, na hivyo kampuni ikawa na mguu katika kila chama. Ubunifu wao ulikuwa huu: kampuni moja inamsaidia mwanasiasa kuingia Bungeni, kisha inarudi kubisha hodi ofisini kwake kwa niaba ya wateja wanaolipa. Kabla ya hapo, kazi hizo mbili zilikuwa na watu tofauti.

Mwaka 1989 Manafort aliitwa mbele ya kamati ya Bunge kueleza jinsi alivyopata ruzuku ya Wizara ya Nyumba kwa mradi wa makazi huko Seabrook, New Jersey, ambao yeye mwenyewe alikuwa na maslahi nao. Alikubali kwamba, kwa maana finyu, wapo watakaosema alichofanya ni kuuza ushawishi. Hakushtakiwa.

Wateja wa Afrika

Wasomaji wa Afrika Mashariki na Kati wana sababu ya kuikumbuka kampuni hiyo. Mobutu Sese Seko wa Zaire, ambayo leo ni Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, alikuwa mteja wake. Serikali ya Daniel arap Moi nchini Kenya ilikuwa mteja vilevile, katika miaka ambayo balozi wa Marekani jijini Nairobi, Smith Hempstone, aliikosoa hadharani, na wafadhili waliokutana Paris Novemba 1991 walisitisha misaada mipya wakidai mageuzi. Wakati wapigania vyama vingi wakipigwa virungu barabarani, Nairobi ilikuwa ikilipa watu wa kuitetea Washington.

Aliyefaidika zaidi pengine ni Jonas Savimbi, kiongozi wa waasi wa UNITA nchini Angola. Mwaka 1985 alitia saini mkataba wa dola 600,000. Mwanzoni mwa 1986 alizuru Washington, akapokewa na Reagan Ikulu na kupambwa kama mpigania uhuru. Silaha za Marekani zikafuata. Vita vya Angola havikuisha mpaka Savimbi alipouawa Februari 2002. Ferdinand Marcos wa Ufilipino naye alikuwa kwenye orodha ya wateja, ila yeye hakuokolewa: Februari 1986 wananchi walimng'oa.

Mwaka 1992 kituo kimoja cha uandishi wa uchunguzi mjini Washington kilitoa ripoti kuhusu kampuni zilizovuna fedha kwa kuzitetea serikali zinazotesa raia, na kampuni ya Manafort ilikuwa miongoni mwa vinara. Haikuwa kesi. Ilikuwa aibu, na aibu haina kifungo.

Fedha za Ukraine

Soko la madikteta lilipopungua baada ya Vita Baridi, Manafort alilipata jingine Ulaya Mashariki. Viktor Yanukovych alikuwa amepokonywa ushindi wa 2004 baada ya Mahakama ya Juu ya Ukraine kuufuta uchaguzi uliojaa wizi wa kura. Manafort alimchukua mtu huyo aliyeonekana kufilisika kisiasa, akamvalisha suti nzuri, akamwandalia hotuba na kura za maoni. Mwaka 2006 chama cha Yanukovych kiliongoza kwa viti bungeni. Mwaka 2010 yeye mwenyewe akawa rais kwa kumshinda Yulia Tymoshenko, ambaye mwaka uliofuata alifungwa jela.

Waendesha mashtaka walieleza baadaye kwamba kati ya 2010 na 2014 Manafort alipata zaidi ya dola milioni 60 kwa kazi ya Ukraine. Sehemu kubwa ilipita kwenye kampuni za mfukoni huko Kupro. Kutoka huko fedha zilitumwa moja kwa moja kwa wauza suti, wauza mazulia, watunza bustani na wauza nyumba Marekani, bila kutajwa kama kipato kwa mamlaka ya kodi.

Februari 2014, baada ya damu kumwagika katika uwanja wa Maidan jijini Kyiv, Yanukovych alikimbilia Urusi. Bomba la fedha likakatika, lakini maisha ya anasa hayakupungua. Hapo Manafort akaanza kukopa benki kwa kutoa taarifa za uongo kuhusu kipato na madeni yake. Huko ndiko yalikotoka makosa ya ulaghai.

Miezi mitano ya Trump

Machi 2016 alijiunga na kampeni ya Trump, akikubali kufanya kazi bila mshahara. Alitakiwa kwa ufundi wake wa 1976, yaani kuhakikisha wajumbe hawamkimbii mgombea. Mei akawa mwenyekiti wa kampeni, na Julai mkutano mkuu wa Cleveland ulimpitisha Trump.

Lakini mwanga wa kampeni ya urais hummulika hata anayekaa nyuma ya pazia. Agosti 14 gazeti la New York Times liliandika kuhusu daftari la siri la chama cha Yanukovych lililoonyesha malipo ya dola milioni 12.7 mbele ya jina la Manafort. Alikana kupokea fedha hizo taslimu. Siku tano baadaye alijiuzulu. Wahenga walisema siku za mwizi ni arobaini. Kutoka Kansas City hadi Cleveland ilikuwa miaka 40 kamili.

Mahakama mbili, msamaha mmoja

Mwendesha mashtaka maalumu Robert Mueller, aliyeteuliwa Mei 2017 kuchunguza jinsi Urusi ilivyouingilia uchaguzi, aliifikia mikoba ya Manafort mapema. Julai mwaka huo makachero wa FBI waliipekua nyumba yake alfajiri, na Oktoba akafunguliwa mashtaka. Juni 2018 alifutiwa dhamana kwa tuhuma za kuwarubuni mashahidi, akaingia kesi ya Virginia akitokea rumande.

Shahidi aliyemuumiza zaidi alikuwa Rick Gates, aliyekuwa mkono wake wa kulia. Gates alieleza jinsi walivyoficha fedha, kisha akakiri kwamba naye alikuwa akimwibia bosi wake. Mashtaka kumi yalikwama baada ya mzee wa baraza mmoja kukataa kukubaliana na wenzake.

Septemba 2018, jijini Washington, Manafort alikiri makosa mawili ya kula njama, likiwemo lililotokana na kuitumikia Ukraine bila kujisajili kama wakala wa nchi ya kigeni, jambo linalotakiwa na sheria ya mwaka 1938. Aliahidi kushirikiana na wachunguzi. Jaji Amy Berman Jackson aliona aliwadanganya. Machi 2019 hukumu mbili zilifikisha jumla ya miaka saba na nusu gerezani.

Hakuimaliza. Mei 2020 alirudishwa kutumikia kifungo nyumbani kwa sababu ya UVIKO-19. Agosti, kamati ya ujasusi ya Seneti, iliyoongozwa na wanachama wa Republican wenzake, ilisema alimpa mshirika wake wa kazi, Konstantin Kilimnik, takwimu za ndani za kampeni, na ikamtaja Kilimnik kuwa ofisa wa ujasusi wa Urusi. Desemba 23, 2020, Trump alimpa msamaha wa rais. Mashtaka ya jimbo la New York nayo yalikwishatupwa, kwa kuwa mtu hashtakiwi mara mbili kwa jambo lilelile.

Tupime sawasawa kilichohukumiwa. Mahakama ilimhukumu mkwepa kodi na mdanganya benki, na ilimgusa kwa sababu hakujisajili. Kazi yenyewe ya kumpaka rangi mtawala katili haikuwahi kuwa kosa. Angelipa kodi na kujaza fomu, huenda angezeeka kwa heshima.

Nasi hatuko mbali na biashara hiyo. Kampuni ya Cambridge Analytica ya Uingereza ilifanya kazi katika kampeni za Kenya za 2013 na 2017, na wapiga kura wengi walilisikia jina lake baada ya matokeo kutangazwa. Kwa hiyo kabla ya kumsikiliza mgombea, mpiga kura ana haki ya kuuliza maswali mawili: nani anamwandikia maneno hayo, na nani anamlipa mwandishi? Bunge lisilolazimisha majibu hayo yawekwe hadharani linawaachia wananchi wayasome kwenye hati za mashtaka, miaka kadhaa baada ya kura kupigwa.