Vocha za Pembejeo, Nyanda za Juu Kusini

Vocha ya pembejeo ilikuwa hati ya karatasi ambayo Serikali ya Tanzania iliwapa wakulima wadogo wa mahindi na mpunga ili wanunue mbolea na mbegu kwa karibu nusu bei. Mpango ulienezwa kuanzia msimu wa 2008/09, bei ya mbolea ilipopaa duniani, na awamu yake kuu ikakoma 2013/14. Benki ya Dunia iliuchangia kwa mkopo. Kitovu chake kilikuwa mikoa ya Iringa, Mbeya, Ruvuma na Rukwa, kabla mitatu kati yake haijamegwa kuzaa Njombe, Katavi na Songwe.

Ruzuku haikuwa ngeni huko. Ilikuwapo miaka ya 1980, ikafutwa hatua kwa hatua hadi 1994/95, kisha ikarudi 2003/04 kwa sura nyingine: wafanyabiashara walifidiwa gharama za kusafirisha mbolea, na haikuwa rahisi kujua unafuu huo ulimfikia mkulima kwa kiasi gani. Vocha ilikusudiwa kumkabidhi mkulima mwenyewe ruzuku yake.

Mkulima wa mahindi alipewa vocha tatu za kutosha ekari moja: ya mfuko wa kilo 50 wa DAP ya kupandia (au mifuko miwili ya mbolea ya Minjingu), ya mfuko mmoja wa urea ya kukuzia, na ya kilo 10 za mbegu bora. Alizipeleka kwa wakala wa pembejeo, akaongeza fedha zake, akabeba mzigo. Wakala alikwenda kulipwa benki ya NMB.

Majina yalipendekezwa na kamati ya vocha ya kijiji, wanawake watatu na wanaume watatu, waliochaguliwa na mkutano mkuu wa kijiji. Walengwa walikuwa wenye shamba lisilozidi hekta moja la mahindi au mpunga, kaya zinazoongozwa na wanawake zikitangulizwa, na kila mmoja alisaidiwa kwa misimu mitatu tu. Lakini sharti lililoamua mambo lilikuwa jingine: mlengwa awe na uwezo wa kulipa nusu iliyobaki. Mwenye shida kubwa zaidi ndiye asiyekuwa na fedha hizo mwezi Novemba, ghala likiwa tupu na mvua zikikaribia. Baadhi waliwauzia mawakala vocha zenyewe kwa fedha kidogo. Wakala akadai malipo kamili bila kutoa mbolea. Upendeleo nao ulikuwapo. Utafiti wa Pan na Christiaensen uliochapishwa 2012, uliofanywa Kilimanjaro na si Nyanda za Juu, ulikuta takriban asilimia 60 ya vocha zimeishia katika kaya za viongozi wa vijiji waliochaguliwa.

Ruzuku mpya ya mbolea ilizinduliwa Mbeya na Rais Samia Suluhu Hassan katika maonesho ya wakulima ya Nane Nane ya 2022. Safari hii hakuna kamati inayochagua. Mkulima husajiliwa kijijini pamoja na ukubwa wa shamba lake, hupata namba, na wakala huihakiki kwa mfumo wa kidijitali unaosimamiwa na Mamlaka ya Udhibiti wa Mbolea Tanzania. Msimu wa 2022/23 mfuko wa DAP au urea uliuzwa shilingi 70,000, ilhali bei ya soko ilikuwa imepita 120,000. Mwenye ekari nyingi hupata ruzuku kubwa zaidi, na 70,000 hizo bado zilitolewa taslimu, kabla ya mavuno.