Kutoka Bambu hadi Mahangu

Mimi ni mtoto wa kambi. Nilizaliwa Bambu, mashariki mwa Kongo, katika zile nyumba za mistari ambazo kampuni ya dhahabu iliwajengea wafanyakazi wake. Nikisimulia habari za mlima wa Rwenzori, ambao uko mbali na kwetu, sina budi kuanzia Bambu, kwa sababu niliutazama mlima ule kwa macho ya mtu aliyekulia juu ya ardhi iliyopinduliwa.

Mwaka 1903 Waaustralia wawili, Hannam na O'Brien, walikuta dhahabu katika mto Agola, pale Kilo. Miaka miwili baadaye kazi ilianza. Ilikuwa dhahabu ya mtoni: mto unazibwa, maji yanageuziwa njia, mchanga wa chini unachotwa kwa koleo na kuoshwa. Mashine na chakula vilitoka Mahagi, kwenye Ziwa Albert, vikapanda milima juu ya vichwa vya watu. Wengi wa wapagazi hao hawakuomba kazi. Chifu aliambiwa alete watu, naye akaleta. Mwaka 1926 serikali ya kikoloni iliunda Société des Mines d'Or de Kilo-Moto, na Bambu ikaja kuwa makao yake. Mwaka 1966 jina likawa OKIMO, na kwa jina hilo ndiyo baba alikula mshahara wake mpaka akastaafu.

Sasa linganisha na tarehe nyingine. Tarehe 21 Aprili 1925, Mfalme Albert wa Kwanza wa Ubelgiji alitia saini amri ya kuanzisha hifadhi iliyopewa jina lake, ya kwanza ya namna hiyo Afrika. Mmarekani Carl Akeley alikuwa amemsihi awalinde gorila wa volkano. Mipaka ikapanuliwa miaka iliyofuata, na mteremko wa Rwenzori upande wetu ukaingizwa ndani. Hifadhi hiyo ndiyo Virunga, jina lililokuja 1969. Kati ya amri ya hifadhi na ile ya kampuni ya dhahabu haukupita hata mwaka mmoja na nusu. Utawala uleule uliamua kwamba kipande hiki cha nchi kisiguswe na mkono wa mtu, na kile kichimbwe mpaka mwisho. Wenyeji wa huku na wenyeji wa kule hawakuulizwa. Nimefundisha historia miaka mingi na bado sijaona kitabu cha shule kinachoziweka amri hizi ukurasa mmoja.

Nilifika Rwenzori mwaka 1987, nikiwa mwalimu kijana. Tangu 1982 sheria ilikuwa imewaruhusu raia kujichimbia dhahabu, na darasani kwangu madawati yalikuwa yanabaki wazi. Wavulana wa miaka kumi na mitatu walikuwa mashimoni, na kijito tulichoogea utotoni kilikuwa na rangi ya chai ya maziwa. Likizo ilipofika, mwalimu mwenzangu mwenye ndugu Beni aliniambia, twende ukapumue. Tulishuka kwa lori kupitia Nizi na Iga-Barrière mpaka Bunia, kisha Komanda, Eringeti, Oicha. Siku tatu, kwa sababu ya matope.

Mutwanga, chini ya mlima, kwenye kituo cha hifadhi, tulipewa kiongozi, mzee wa Kinande mwembamba aliyetembea na panga ambalo sikumwona akilitumia. Siku ya kwanza ni mashamba ya kahawa, kisha msitu, mpaka kibanda cha Kalonge. Msitu ninaujua, haukunishangaza. Siku ya pili mianzi inakwisha, ukungu unashuka, na ghafla miti yote inakuwa ya namna moja.

Ni erika. Huko kaskazini mwa Ulaya, mmea wa ukoo huu ni kichaka cha kufika gotini, na maeneo mapana yamefunikwa nao. Watu wa huko wanayazungushia mipaka na kwenda kuyatembelea siku za mapumziko. Rwenzori erika ni mti. Inafika mita 10, shina limepinda kama mgongo wa bibi, majani ni madogo kama sindano, na kila tawi limening'iniza ndevu za kijani-kijivu. Chini hakuna udongo unaouona. Kuna manyoya ya mimea tu, mazito, ya rangi ya dhahabu iliyochakaa, yanayofunika mawe, mizizi na mashimo. Nilipotaka kukatiza, mzee aliniambia, "Mwalimu, usikanyage pale, ni godoro halina kitanda." Alichomeka fimbo yake ikazama mpaka mkononi.

Kisha akachuma fungu moja la manyoya yale, kubwa kama mkate, akaniwekea viganjani. "Kamua." Nilikamua. Maji yalitoka, na yakaendelea kutoka, yakashuka kwenye viwiko na kuingia ndani ya koti, meupe, baridi ya kuuma mifupa. Nilikamua tena, yakatoka tena. Akalichukua, akalirudisha palepale alipolitoa, akaligandamiza kwa kiganja kama mtu anayefunika mbegu.

Jioni, kwenye kibanda cha Mahangu, zaidi ya mita 3,300, mzee alituambia kuwa watu wake waliuheshimu mlima kabla ya Albert kuzaliwa. Juu kwenye theluji anakaa mungu wao, Kitasamba, na kule hapakuwa mahali pa kwenda ovyo. Mjukuu wa mfalme wa Italia, Duke wa Abruzzi, alipofika kileleni Margherita mwaka 1906, mita 5,109, dunia ilipiga makofi. Mimi naona waliojizuia kupanda karne nyingi ndio waliolinda erika ile, kuliko karatasi yoyote ya Brussels. Na karatasi hiyo iliwafanya wajukuu wao wawe majangili katika kuni zao wenyewe. Nasema hivi huku nikiwa na furaha kwamba erika bado ipo. Yote mawili ninayashika.

Nilichukua kijitawi kimoja, kwa ruhusa ya mzee, nikakibana ndani ya atlasi. Kilikaa humo miaka kumi na sita. Mwanzoni mwa 2003, vita vilipoingia Bambu, Kobu na Lipri, tulikimbia na nguo za mwilini, na nyumba ikateketea pamoja na vitabu. Watu waliokufa wiki zile ni wengi, na sithubutu kulia juu ya tawi mbele yao. Lakini nalikumbuka.

Ninachokikumbuka zaidi ni siku niliyorudi kutoka mlimani. Baba alikaa kwenye kiti chake mbele ya nyumba, akalishika tawi, akalinusa. Alisikiliza habari yote mpaka mwisho, ndipo akauliza swali la mtu aliyefanya kazi chini ya ardhi maisha yake yote:

"Na chini yake kuna nini?"

"Maji, baba."

"Yanakwenda wapi?"

Nikamweleza: mto Butahu, kisha Semliki, Ziwa Albert, Nili, mpaka bahari ya Misri. Alinyamaza muda mrefu. Ya kwetu yanakwenda Ituri, akasema, yanakwenda Kongo, upande mwingine kabisa. Akainuka akaenda kutazama pipa la mvua kama limejaa, maana siku zile maji ya kijito hatukuyanywa tena.