Amana ya Muuza Dawa: Hisba na Afya ya Umma katika Historia ya Uislamu

  

Wanavyuoni wa Usulu wametufundisha kwamba sharia imekuja kuhifadhi mambo matano: dini, nafsi, akili, kizazi na mali. Ukimtazama muuza dawa katika duka lake utaona kwamba anagusa matatu kati ya hayo kila siku. Anagusa nafsi ya mgonjwa, kwa kuwa dawa huponya na huua. Anagusa akili yake, kwa kuwa zimo dawa zinazolevya na kumtawala mtu. Na anagusa mali yake, ambayo mara nyingi ni ya tabu. Kisha, watu wengi katika miji na vijiji vyetu hufika duka la dawa kabla ya kufika hospitali, na wengine hawafiki hospitali kabisa. Duka hilo ndio mlango wa kwanza wa tiba kwa mtu wa kawaida.

Kwa hiyo si ajabu kwamba mafuqahaa na watawala wa Kiislamu walilishughulikia duka la dawa mapema. Katika makala haya tutatazama walivyofanya, kisha tuulize ni nini katika hayo kinachotuwajibikia leo.

Mtihani wa jina lisilokuwepo

Katika karne ya 3 Hijria mji wa Baghdad ulikuwa umejaa wauza dawa. Dawa zilikuja kutoka Bara Hindi, Uajemi, Sham, Misri na Yemen, na majina yake yalikuwa kwa Kigiriki, Kisuryani, Kifarsi na Kiarabu. Mteja hakuweza kujua alichopewa. Aliyejua ni muuzaji peke yake, na hapo ndipo ghushi ilipopata nafasi.

Ibn Abi Usaybi'a, mwanahistoria wa matabibu aliyefariki mwaka 668H/1270, amepokea kisa kutoka kwa tabibu Zakariyya bin al-Tayfuri. Mwaka 221H/836 tabibu huyu alikuwa katika kambi ya al-Afshin, amirijeshi wa Khalifa al-Mu'tasim, wakati wa vita dhidi ya Babak. Jeshi lilikuwa na wauza dawa wake. Zakariyya alimweleza amirijeshi habari iliyotokea zama za Khalifa al-Ma'mun. Mtu mmoja alimwambia Khalifa kwamba muuza dawa hata akiulizwa kitu asichokuwa nacho, atasema anacho, na atatoa chochote kilichomo dukani. Khalifa akachagua jina la Saqtitha, ambalo ni jina la shamba lililokuwa karibu na Baghdad, wala si dawa. Akawatuma watu kwenda kulinunua. Wauzaji wote wakadai kuwa nalo, wakachukua fedha, na kila mmoja akatoa kitu chake: huyu mbegu, huyu kipande cha jiwe.

Al-Afshin aliposikia hayo akafanya mtihani wake mwenyewe. Alichukua daftari la majina ya kwao Ushrusana, akatoa humo majina kama ishirini, akawatuma watu wakayaulizie kwa wauza dawa wa kambi kana kwamba ni dawa. Baadhi yao walisema hawayajui. Wengine wakadai kuyajua, wakapokea dirhamu na kutoa walichotoa. Akawaita wote. Wale waliosema "sijui" akawaandikia idhini ya kubaki na kufanya kazi. Wale waliodai kujua akawafukuza kambini.

Ndugu msomaji, zingatia ni jambo gani lililopimwa hapa. Hawakuulizwa wanajua dawa ngapi, wala kila moja inatibu nini. Kilichopimwa ni ukweli wa mtu pale anaposhikwa na tamaa ya fedha na kuogopa kumpoteza mteja. Neno "sijui", ambalo wanavyuoni wetu wamelihesabu kuwa ni sehemu ya elimu, ndilo lililokuwa cheti cha kazi.

Kutoka mtihani mpaka hisba

Karibu miaka mia moja baadaye, mwaka 319H/931, Khalifa al-Muqtadir alipata habari ya mtu aliyefariki Baghdad kwa kosa la tabibu. Akaamrisha asitibu yeyote ila baada ya kupimwa na Sinan bin Thabit bin Qurra, na idadi ya waliofika kupimwa ilizidi mia nane.

Nao wataalamu waliandika vitabu ili dawa ichanganywe kwa kipimo kinachojulikana na si kwa kubahatisha. Sabur bin Sahl, aliyefariki mwaka 255H/869, aliandika kitabu cha michanganyiko ya dawa kilichotumika hospitalini na madukani. Al-Biruni alikusanya Kitab al-Saydana, akataja majina ya dawa katika lugha mbalimbali ili jina lisiwe mlango wa udanganyifu. Ibn al-Baytar wa Malaga, aliyefariki Damascus mwaka 646H/1248, alitaja dawa na vyakula zaidi ya 1,400. Mwaka 658H/1260 huko Cairo, Kuhin al-Attar alimwandikia mwanawe Minhaj al-Dukkan, kitabu cha mwenye duka la dawa, ndani yake mna vipimo, namna ya kuhifadhi dawa, na wasia juu ya tabia njema ya mwenye kazi hiyo.

Sabur alikuwa Mkristo na Kuhin alikuwa Myahudi. Waislamu wa zama hizo walifuata vitabu vyao kwa sababu walichokitaka katika dawa ni ujuzi na uaminifu.

Ilipofika karne ya 6 Hijria, jambo hili lilikuwa mlango kamili katika vitabu vya hisba, yaani kazi ya kuamrisha mema na kukataza maovu sokoni. Al-Shayzari wa Sham, katika Nihayat al-Rutba, amemwandikia muhtasib mlango mahsusi juu ya wauza dawa. Anamtaka awaonye, awakumbushe adhabu, na akague dawa zao kila wiki. Kisha anamfundisha kuzitambua ghushi moja moja. Tabashiri, dawa nyeupe itokayo ndani ya mwanzi, ilikuwa ikichanganywa na mifupa iliyochomwa. Namna ya kuijua ni kuitia majini: mfupa huzama na tabashiri huelea. Afyuni nayo ilichanganywa na utomvu wa mimea mingine, na ikiyeyushwa majini harufu yake huifichua.

Asili ya haya ni Sunna. Katika hadithi iliyopokewa na Imam Muslim, Mtume (S.A.W.) alipita sokoni penye rundo la chakula, akaingiza mkono wake ndani na vidole vikakuta majimaji, naye akamkemea mwenye chakula na kujitenga na mwenye kughushi. Hakutosheka na kuona juu. Muhtasib aliyetia tabashiri majini alikuwa akifuata nyayo hizo.

Nani anabeba dhamana?

Sasa tuje kwenye fiqhi. Abu Dawud, al-Nasai na Ibn Majah wamepokea hadithi yenye maana kwamba mwenye kujitia utabibu hali hajulikani kuwa na ujuzi huo, basi yeye ni dhamini wa madhara atakayoleta. Ibn al-Qayyim (aliyefariki mwaka 751H/1350) ameifafanua katika Zad al-Ma'ad. Mjuzi aliyeipa kazi haki yake, akaidhinishwa na mgonjwa, hana dhamana yakitokea madhara. Mjinga aliyemfanya mgonjwa adhani kuwa ni mjuzi, huyo ni dhamini. Ama mgonjwa akijua kabisa kuwa mtu huyu ni mjinga, na bado akamruhusu, hapo Ibn al-Qayyim anaona dhamana inaanguka.

Hukumu hii ya mwisho ndiyo ambayo baadhi ya wenye maduka leo wangependa kuishika. Mteja anakuja na fedha kidogo, anataka vidonge vinne vya antibiotiki badala ya dozi nzima. Au anataka dawa isiyouzwa bila cheti cha daktari. Muuzaji anasema: yeye mwenyewe ametaka, nami nimeuza kwa ridhaa yake.

Jibu ni kwamba ridhaa ya wawili huondoa haki ya wawili. Haiondoi haki ya mtu wa tatu. Wataalamu wametuthibitishia kwamba antibiotiki ikitumiwa bila haja, au isipotumiwa kama ilivyoelekezwa, hulea vijidudu sugu, na vijidudu hivyo havibaki kwa aliyenunua. Vinahamia kwa mtoto wake, kwa jirani, na kwa mzazi aliyelazwa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2022 ulikadiria kuwa usugu huo ulikuwa sababu ya moja kwa moja ya vifo milioni 1.27 duniani katika mwaka 2019. Hapa Tanzania tumewahi kuonja usugu wa aina nyingine: klorokwini, ambayo kila nyumba iliijua, ilibidi iachwe mwaka 2001 kuwa dawa ya kwanza ya malaria, na SP iliyochukua nafasi yake ikaachwa kwa kazi hiyo mwaka 2006 ikaja dawa ya mseto.

Basi jambo hili limetoka katika mlango wa bei na ridhaa, likaingia katika mlango wa madhara kwa umma, ambao kanuni yake ni kutodhuru wala kudhuriana. Ndio maana waliotangulia hawakuliachia duka la dawa kwa muuzaji na mnunuzi peke yao. Walilitia katika hisba, na hisba ni haki ya jamii nzima.

Muhtasib wa leo

Kazi ya muhtasib leo iko mikononi mwa serikali. Tanzania mamlaka ya chakula na dawa, TFDA, ilianza kazi mwaka 2003, na tangu mwaka 2019 inaitwa TMDA, ikisimamia dawa na vifaa tiba. Baraza la Famasi linasimamia wanataaluma na maduka. Mwaka huo huo wa 2003, mkoani Ruvuma, ulianza mpango wa maduka ya dawa muhimu, ambao wauzaji wake hupewa mafunzo na kukaguliwa. Mwislamu asiione kazi hiyo kuwa ni ya kidunia tu. Kumficha mkaguzi dawa iliyokwisha muda ni ghushi ileile ya mifupa ndani ya tabashiri. Na haja ya ukaguzi ni kubwa: Shirika la Afya Duniani lilikadiria mwaka 2017 kwamba katika nchi za kipato cha chini na cha kati, takriban dawa moja katika kila kumi ni bandia au haikufikia kiwango.

Lakini ukaguzi peke yake hautoshi, kwa sababu wengi wa wanaonunua nusu dozi hawafanyi hivyo kwa ujinga. Wanafanya kwa umasikini. Na hili waliotangulia walilijua. Al-Razi, aliyefariki mwaka 313H/925, aliandika kitabu kwa ajili ya mtu asiyeweza kumpata tabibu. Na Sultani Qalawun alipoweka wakfu hospitali yake Cairo, iliyokamilika mwaka 683H/1284, hati ya wakfu haikuwasahau masikini wagonjwa waliobaki majumbani mwao: nao walipewa dawa na vinywaji vya tiba kutoka katika mali ya wakfu.

Hapa ndipo maimamu na kamati za misikiti wanapoingia. Msikiti unaokusanya zaka na sadaka unaweza kukubaliana na duka la dawa linaloaminika katika mtaa, ili fakiri aliyeandikiwa dozi asiondoke na nusu yake. Fedha inayohitajika mara nyingi si nyingi, na fakiri ni wa mwanzo kutajwa katika aya ya zaka. Khatibu naye aiseme mimbarini mas-ala ya dawa kama anavyosema mas-ala ya mizani. Na kabla ya Ramadhani, mfamasia aalikwe kuzungumza na wenye kisukari na shinikizo la damu, ili wajue nani apange upya saa za dawa kwa ushauri wa daktari wake, na nani ana ruhusa ya kula. Wapo wanaoacha dawa mwezi mzima kwa kudhani wanaitukuza funga.

Mwisho tuwakumbushe wanafunzi wetu. Imam al-Ghazali, aliyefariki mwaka 505H/1111, alilalamika katika Ihya kwamba tiba ni fardhi kifaya, lakini miji mingi haikuwa na tabibu Mwislamu, hali wanafunzi wakisongamana katika elimu ya ikhtilafu na mijadala. Lawama hiyo haijapitwa na wakati. Kijana wa madrasa anayekwenda kusomea ufamasia kwa nia njema anawaondolea wenzake wote jukumu. Na akifungua duka lake, siku atakapoulizwa dawa asiyoijua, au atakapotakiwa kuuza kitu ambacho hakistahiki kuuzwa, aseme "sijui" au "siuzi", hata kama mteja atakwenda duka la pili.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu, awape wenye maduka ya dawa riziki ya halali, na atujaalie kuwa watu wa amana. Wallahu A'lam. Wabillahi Tawfiq.