Ngonjera, Ngoma na Haki ya Mtunzi Shuleni: Mfano wa Ihumwa

Neno hakimiliki ni jipya kuliko jambo lenyewe. Kabla ya kuwapo sheria yo yote iliyoandikwa, washairi wa pwani walikuwa na desturi ya kulitaja jina la mtunzi, na mara nyingi mji wake, katika beti za tamati. Ubeti huo ndio uliokuwa muhuri. Mwenye kulinakili shairi alipaswa kuunakili na muhuri wake, maadamu ulikuwa sehemu ya utungo. Mwenye kuuacha alikuwa amelipunguza shairi.

Huko bara, kwa Wagogo, desturi ilikuwa nyingine. Manju alianzisha wimbo, wenzake wakaitikia, na wimbo ukabaki mali ya kundi. Wanawake walipopiga muheme, lililotazamwa lilikuwa ni nani ajuaye kuongoza, wala si nani aliyetunga kwanza. Desturi hizi mbili, ya jina na ya kundi, zilikutana katika maisha ya mtu mmoja wa Ihumwa, na kutoka kwake zikaingia katika shule za nchi nzima.

Ihumwa i mashariki ya mji wa Dodoma, kando ya Reli ya Kati. Ndiko alikozaliwa Mathias E. Mnyampala mwaka 1917. Mwandishi huyu alitoa kitabu cha historia, mila na desturi za Wagogo mwaka 1954, kisha diwani yake mwaka 1963. Kwa hiyo aliijua ngoma ya kwao, na aliijua pia sanaa ya vina na mizani. Mwaka 1968 Mwalimu Nyerere aliwataka washairi wazitumie tungo zao kulieleza Azimio la Arusha kwa wananchi. Mnyampala aliitikia kwa ngonjera, yaani mashairi ya majibizano ambamo mmoja huuliza au hupinga, na mwingine humjibu hata wakakubaliana. Alifariki mwaka 1969. Ngonjera za UKUTA zilitoka katika vitabu viwili, mwaka 1970 na 1971, yeye akiwa hayupo tena.

Majibizano kwa mashairi hayakuwa jambo geni. Muyaka wa Mombasa alijibizana na wenzake tangu zamani. Lililokuwa jipya ni kwamba majibizano hayo sasa yalitungwa na mtu mmoja, yakagawiwa vinywa vya watoto wengi mbele ya hadhira. Na hapo ndipo lilipozaliwa tatizo la haki. Katika shairi la tamati yenye jina, msemaji ni mtunzi. Katika ngonjera, kila ubeti una msemaji wake, na hakuna hata mmoja aliye mtunzi. Muhuri umekosa kinywa cha kuutamka. Mwalimu aliyeifundisha ngonjera kwa kusikia, na mwanafunzi aliyeikariri, waliweza kuhifadhi kila kina na kila mizani, lakini wakalipoteza jina pasipo kuharibu utungo. Ngonjera iliingia shuleni kama shairi la mtu, ikatoka kama ngoma ya kundi.

Sheria nayo ilikuwa na mwendo wake. Chini ya utawala wa Waingereza, Tanganyika ilifuata sheria ya Uingereza ya mwaka 1911. Tanzania ilitunga sheria yake mwaka 1966, ikajiunga na Mkataba wa Berne mwaka 1994, kisha ikapitisha Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, ambayo ndiyo iliyoanzisha COSOTA. Mkataba wa Berne unaziruhusu nchi kuachia kazi za watunzi zitumike kwa kufundishia, kwa kiasi kinachostahili, lakini unaagiza kwamba jina la mtunzi litajwe likiwapo. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1956 ilikwenda mbali zaidi kwa kuupima mpaka wa darasa. Wimbo ulioimbwa na wanafunzi mbele ya walimu na wenzao haukuhesabiwa kuwa umeimbwa hadharani. Mzazi aliyekuja kumsikiliza mwanawe, kwa sababu ya uzazi peke yake, hakuhesabiwa kuwa mtu wa shule. Kwa kipimo hicho, siku ya wazazi ni jukwaa, na jukwaa lataka idhini.

Ngoma za Wagogo zilihitaji kanuni nyingine. Hugh Tracey alizirekodi mwaka 1950. Hukwe Zawose, mzaliwa wa Dodoma aliyefundisha katika Chuo cha Sanaa Bagamoyo na kufariki mwaka 2003, aliupeleka mlio wa zeze na ilimba katika sahani za santuri zilizotolewa Uingereza. Sheria ya 1999 iliziingiza sanaa za jadi katika hifadhi yake. Mfano wa kanuni uliotolewa na UNESCO na WIPO mwaka 1982 unataka idhini pale sanaa hizo zinapotumiwa kwa faida na nje ya mazingira yake ya asili, lakini unayaachia matumizi ya elimu.

Basi darasa limepewa heshima pande zote mbili, kwa mtunzi mwenye jina na kwa kundi lisilo na jina. Yafaa ikumbukwe kwamba hata wimbo wa taifa ulitokana na darasa. Enoch Sontonga, aliyeutunga mwaka 1897, alikuwa mwalimu wa shule karibu na Johannesburg. Tanganyika ilipouchukua mwaka 1961, Sontonga alikuwa amekwisha kufa miaka 56. Watoto wengi huuimba pasipo kulijua jina lake.

Neno hakimiliki limeelemea upande wa kumiliki, na kumiliki kuna mwisho. Sheria ya 1999 ilimpa mtunzi ulinzi wa maisha yake na miaka 50 baada ya kufa kwake. Kwa hesabu hiyo, muda wa Mnyampala ulitimia mwishoni mwa mwaka 2019. Shule inayozisoma ngonjera zake haina tena mtu wa kumlipa. Deni lililobaki ni lile la washairi wa kale, ambalo halikuwekewa miaka: kulitaja jina na mji. Maadamu ngonjera haina tamati ya mtunzi, kazi hiyo ni ya mwalimu. Kabla mtoto wa kwanza hajafungua kinywa, mwalimu na aseme: imetungwa na Mathias Mnyampala, wa Ihumwa.