Upupu, Utomvu na Dawa za Bibi Zetu

Katika mabaraza ya wazee wetu hapa Maskati, ikitajwa ngozi inayowasha kwa sababu ya mmea, jawabu ni moja: paka majivu. Vijana wamelichukua neno hilo wakalifanya dawa ya kila mwasho. Sivyo ilivyokuwa. Majivu yalikuwa dawa ya upupu, na upupu hatuuoni katika bustani za huku.

Upupu ni mmea utambaao, wa jamii ya kunde, na maganda yake yamefunikwa na malaika laini ya rangi ya hudhurungi. Malaika hayo huchoma ngozi na kuvunjikia humo, nayo yana kimeng'enya kiamshacho mwasho usiostahimilika. Anayejikuna huzidi kuyazamisha. Kwa hiyo tiba ya kwanza ilikuwa kuyaondoa, si kuyatuliza: majivu makavu yaliyopakwa kisha yakapanguswa taratibu, au tope lililoachwa likauke, au tonge la ugali uliopoa lililobandikwa na kubanduliwa. Maji yalifuata baadaye, na mafuta ya nazi mwisho.

Nani aliyeyajua haya? Mashamba ya karafuu yalienea Unguja zama za Sayyid Said bin Sultan, na baada ya kimbunga cha mwaka 1872 kuiangusha mikarafuu ya huko, Pemba ikatangulia. Aliyeingia kichakani kupalilia hakuwa mwenye shamba, ambaye aghalabu alipita juu ya punda wake. Alikuwa mtumwa, na baada ya amri ya mwaka 1897 ya kuukomesha utumwa, alikuwa kibarua, au mkaazi aliyelima muhogo wake chini ya mikarafuu ya mwenyewe. Upupu uliwapata hao, na hao ndio waliolazimika kuujulia dawa. Sisi wenye kuandika nasaba zetu kwa wino mzito hupenda kusema "dawa ya bibi", ilhali hatuulizi bibi alifundishwa na nani jikoni mwake. Majina yenyewe ni ushahidi. Shubiri ni neno la Kiarabu, na Suqutra ilisifika kwa biashara yake tangu kale. Mkunazi ndio sidri, ambao majani yake yaliyotwangwa watu wa Oman huyaogea hadi leo. Lakini upupu ni upupu tu. Nyumbani kwetu sikupata kuusikia ukitajwa kwa Kiarabu.

Utomvu ni jambo jingine kabisa, na hapa ndipo kosa linapodhuru. Mwembe na mbibo ni wa jamii moja. Utomvu wa kikonyo cha embe, na zaidi mafuta ya ganda la korosho mbichi, huunguza ngozi na kuitoa malengelenge. Hapana malaika ya kung'oa. Majivu juu ya ngozi iliyokwisha kuchubuka ni kuongeza moto juu ya moto, na mafuta ya nazi yakitangulia huusambaza utomvu, kwani wenyewe una asili ya mafuta. Dawa yake ni sabuni na maji mengi, mara moja, kabla haujapenya. Kisha kitambaa cha maji baridi, na ute wa shubiri kwa ajili ya kutuliza. Ukifika machoni, au uso ukivimba, au pumzi ikibana, hapo ni hospitali.

Jamaa zetu walioko Marekani wana sababu ya ziada ya kulijua hili. Huko kuna mmea mtambaazi wa majani matatu matatu, nao ni wa jamii hiyo hiyo ya mwembe, na sumu yake inakaribiana sana na ile ya ganda la embe. Mjukuu aliyewahi kuwashwa vibaya na mmea huo msituni huenda akawashwa midomo akila embe kwa kuliguguna na ganda lake. Mmenyeeni, mkaoshe kisu.

Nyumbani kwetu maembe yaliyoangushwa hayakuliwa papo hapo. Yalikatwa vikonyo, yakapangwa kichwa chini juu ya makuti hadi utomvu uchuruzike wote, na watoto walikatazwa kuyagusa mpaka yaoshwe.