Sumu Tamu Katika Chupa ya Dawa

Leo tunazungumza juu ya kemikali ambayo huenda hujawahi kusikia jina lake. Inaitwa dayethilini glaikoli. Ni nzito kidogo kuliko maji, haina rangi wala harufu, huchanganyika na maji bila shida, na ladha yake ni tamu. Viwandani ina kazi nyingi: huwekwa katika mafuta ya breki ya magari, katika maji ya rejeta ya nchi za baridi ili yasigande, na hutumika kutengeneza plastiki na wino. Huko haina ubaya. Balaa huanza mtu anapoinywa.

Basi mbona mtu ainywe? Jibu liko katika kitu unachokijua vizuri, glisarini. Ndiyo ile unayompaka mtoto ngozi inapokauka wakati wa baridi ya Julai. Watengenezaji wa dawa hutumia glisarini iliyosafishwa ili kuyeyusha dawa za maji na kuzitia utamu, mtoto asiteme. Sasa, ukiweka glisarini na dayethilini glaikoli mezani katika glasi mbili, macho hayatakusaidia, na ulimi pia hautakusaidia. Lakini moja ni rahisi kuliko nyingine kwa bei, na hiyo ya rahisi huua figo.

Dunia ilijifunza jambo hili kwa uchungu mwaka wa 1937 huko Marekani. Wakati huo kulikuwa na dawa mpya, sulfanilamidi, iliyotibu maambukizi ya koo vizuri sana. Ilikuwa ya vidonge na unga, na wateja wakataka ya maji. Kampuni ya S. E. Massengill ya mji wa Bristol, jimbo la Tennessee, ikampa kazi hiyo mkemia wake, Harold Watkins. Akaona inayeyuka vizuri katika dayethilini glaikoli. Wakaongeza ladha ya matunda, wakapima sura yake, harufu yake na utamu wake. Hawakupima kama inaua. Sheria ya wakati ule haikuwalazimisha.

Dawa ilianza kuuzwa Septemba 1937. Kabla ya mwezi wa Oktoba kwisha, habari za vifo zilikuwa zimetoka Tulsa, Oklahoma, na kwingineko. Maofisa wa serikali walitumwa nchi nzima kuitafuta kila chupa, nyumba kwa nyumba. Watu 105 walikufa, na 34 kati yao walikuwa watoto. Mama mmoja wa Tulsa aliyefiwa na binti yake alimwandikia Rais Roosevelt barua, akaambatanisha picha ya mtoto huyo, akiomba dawa kama hiyo isiuzwe tena.

Sikia ajabu ya sheria. Serikali haikuwa na uwezo wa kukamata dawa kwa sababu inaua. Iliikamata kwa sababu chupa iliandikwa "eliksiri", na eliksiri kisheria ilipaswa kuwa na pombe ndani, nayo hii haikuwa nayo. Kama wangeipa jina jingine, maofisa wangebaki kutazama. Mwaka wa 1938 Marekani ikapitisha sheria mpya: dawa lazima ithibitishwe kwamba ni salama kabla ya kuuzwa. Sheria nyingi za dawa duniani zimefuata wazo hilo.

Ungedhani mambo yaliishia hapo. Hayakuishia. Nigeria mwaka wa 1990 ilipoteza watoto 47 kwa dawa ya maji ya paracetamol. Katika miaka hiyo hiyo, kule Dhaka, Bangladesh, daktari wa watoto Mohammed Hanif na wenzake waliona watoto wengi wakiletwa wameacha kukojoa. Watoto 236 waliowahesabu walikufa. Madaktari walitafuta kijidudu, kumbe mtoto alikuwa ameletwa na homa ya kawaida tu, akapewa dawa ya homa, na dawa ndiyo iliyomuua. Dawa hizo zilipopigwa marufuku mwishoni mwa 1992, wagonjwa wa aina hiyo wakapungua sana.

Panama mwaka wa 2006 inatuonyesha njia ambayo sumu hupitia. Mapipa yalitoka China, yakapitia kwa wafanyabiashara hadi Hispania, kisha Panama. Kila aliyeyapokea alinakili cheti kile kile kilichosema ni glisarini safi, na hakuna aliyefungua pipa kupima. Dawa ya kikohozi iliyotengenezwa kwa mapipa hayo iliua watu wengi. Mwaka uliofuata, mwananchi mmoja wa Panama alisoma maandishi madogo kwenye dawa ya meno dukani, akaona jina la kemikali ile ile, akaenda kuripoti. Dawa hiyo ya meno ikaondolewa katika nchi nyingi. Mtu mmoja tu aliyesoma maandishi ya dukani!

Mwaka wa 2022 zamu ilikuwa ya Gambia, ambako watoto wapatao 70 walikufa, kisha Indonesia na Uzbekistan. Mwaka wa 2025 ikawa India, jimbo la Madhya Pradesh, tena kwa dawa ya kikohozi. Hapa kwetu Kenya, Aprili 2024, Bodi ya Dawa na Sumu iliagiza bechi moja ya dawa ya kikohozi ya watoto iondolewe madukani, baada ya maabara ya Nigeria kusema imeona sumu hii ndani yake. Kampuni ilisema vipimo vyake haikuiona. Hata hivyo, kuiondoa kwanza na kubishana baadaye ndiyo njia iliyo sawa.

Sasa, mama, usiitupe dawa aliyokupa daktari. Dawa nyingi za maji ni salama. Ila jua dalili. Mtoto hutapika, hulalamika tumbo, kisha mkojo hupungua au hukatika kabisa. Nepi inabaki kavu tangu asubuhi. Uso au miguu huvimba, mtoto hulegea na kusinzia ovyo. Homa au kikohozi cha kawaida hakimalizi mkojo hivyo mtoto anaponyonya au kunywa vizuri. Ukiona hivyo, acha dawa, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo, na uibebe chupa pamoja na kifuniko chake. Namba ya bechi iliyo kwenye chupa ndiyo itakayowasaidia kuzitafuta nyingine.

Dawa nunua kwa kemisti aliyesajiliwa, si kwenye kibanda cha sokoni wala kwa mchuuzi wa basi, na usikubali chupa iliyojazwa dukani bila lebo. Mtoto mchanga mwenye mafua kwa kawaida hahitaji dawa ya kikohozi hata kidogo. Maziwa ya mama yanamtosha. Aliyepita mwaka mmoja anaweza kulamba asali kidogo, lakini aliye chini ya mwaka usimpe asali kamwe. Na baba akirudi na mafuta ya breki yaliyobaki, yasihifadhiwe katika chupa ya soda. Ni matamu, na mtoto hajui kusoma.